Video ya harusi kupauka ikishapanda YouTube: usikimbilie kuongeza kontrasti

Mkuu, umesema unaediti kwenye Mac kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na rangi zake, rangi zinakuridhisha, ila ukishapandisha YouTube na kuifungua kwenye Mac hiyohiyo, video inapauka. Ukauliza kama ukaze kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, kabla ya kutoa faili. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na bado inaniuma.

Napiga video za harusi hapa Tanga, nyingi ni za Ngamiani. Harusi moja niliiona imepauka kama yako, nikashusha weusi, nikakaza kontrasti, nikaipandisha upya. Kwenye Mac ikawa safi kabisa. Kesho yake mama wa bibi harusi akapiga: "Mwanangu, mbona dada zangu wote wamekuwa vivuli?" Nikamfuata nyumbani, akanionyesha kwenye simu yake. Kweli. Mabuibui yamekuwa doa moja jeusi, mikunjo hakuna, nakshi za mikononi zimepotea, na shangazi wenye ngozi nyeusi zaidi nyuso zimezama. Harusi hairudiwi.

Faili langu la kwanza halikuwa na kosa. Resolve hubandika kwenye faili alama ya Rec.709, kiwango cha rangi cha televisheni za HD. macOS, mfumo wa Mac, ikisoma alama hiyo huonyesha picha kwa gama (kipimo cha jinsi sehemu za giza na za kati zinavyokolea) ya karibu 1.96, wakati wewe ulirekebisha rangi ukitazama gama ya 2.4 au 2.2. Gama ikishuka, vivuli na sehemu za kati hunyanyuka, na huko ndiko kupauka unakokuona. Simu nyingi za Android hazifanyi hivyo. Kwa hiyo ukikaza kontrasti unaitibu skrini yako, na mtazamaji wa simu ndiye anayeumia.

Ingia kwenye mipangilio ya Resolve, uwashe kipengele kinachofanya madirisha yake ya kutazamia picha yafuate wasifu wa rangi wa skrini ya Mac. Wakati wa kutoa faili, alama ya gama iwe Rec.709-A. Hapo unachokiona ndani ya Resolve kitakaribiana na utakachokiona kwenye kivinjari cha Safari. Wenye Windows shida yao mara nyingi ni nyingine, ile ya viwango vya data, yaani namba zipi kwenye faili zihesabiwe nyeusi kabisa na nyeupe kabisa. Wao waviache kwenye otomatiki.

Halafu usiyaamini macho peke yake. Jicho likikaa saa mbili mbele ya picha ya manjano huiona nyeupe. Skopu, yaani grafu za kupimia mwanga na rangi ndani ya Resolve, haizoei. Kwa jua letu la saa sita mchana, kanzu nyeupe naiweka chini kidogo ya asilimia 90 kwenye wevufomu, skopu ya mwanga, ili darizi ya kifuani ionekane. Ngozi naipima kwenye vektaskopu, skopu ya rangi: awe mweusi tii au maji ya kunde, rangi yake huangukia karibu na mstari uleule ulio kati ya nyekundu na njano, kwani damu iliyo chini ya ngozi ni moja. Kinachotofautiana zaidi ni mwanga. Ila uso wa bibi harusi usiufanye kipimo, una vipodozi vingi; pima kwa shangazi au bibi yake. Na tafadhali, usimng'arishe bibi harusi mpaka ndugu zake wamtafute kwenye picha. Zile LUT za kupakua, mafaili ya rangi zilizopangwa tayari, ndizo zinazotuharibia hapo: nyingi hutengenezwa kwa ngozi nyeupe, na huwapaka watu wetu rangi ya chungwa au majivu.

Siku hizi kabla ya kukabidhi napandisha dakika moja tu, isiyoonekana na umma. Nasubiri YouTube imalize kuchakata 1080p, ubora wa HD kamili, maana mwanzoni hutoa 360p, ubora wa chini, na hapo huwezi kuhukumu chochote. Kisha naitazama kwenye simu ya bei nafuu, kwanza chumbani, halafu nje barazani. Mikunjo ya mabuibui ikionekana barazani, natoa video nzima.