Kabla ya Ufini, tuitazame Jamaika

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Tujifunze nini kutoka nchi nyingine kuhusu elimu bora ya watoto wadogo?" Nafundisha darasa la awali katika shule ya serikali mkoani Tanga, na kila Januari, wazazi wanapokuja kuandikisha watoto, swali hili huja na sura nyingine. Wao huuliza kama tunafundisha Kiingereza, kama mtoto atapewa kazi za kufanya nyumbani, na kama kufikia likizo ya Juni atakuwa anasoma. Mzazi halaumiwi kwa kutaka hayo. Anataka mwanawe asibaki nyuma. Ila naamini tunatazama mahali ambapo si penye jibu.

Katika semina nyingi nchi ya kutajwa kwanza ni Ufini. Watoto wa kule huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 7, na kabla ya hapo siku zao hujaa michezo, hata theluji ikiwa imefunika uwanja. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini mara chache mwezeshaji hutuambia sehemu ya pili: kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea wanaoshinda kituoni, taratibu zao zinataka mtu mzima mmoja kwa watoto 7. Mwongozo wetu Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na walimu wenzangu wa shule za serikali wanajua wanawakuta wangapi asubuhi. Ukichukua michezo ya Ufini ukaiacha mikono ya wale watu wazima, utarudi darasani na hamasa ya semina na wiki ya pili utakuwa umerudi kwenye "semeni wote: a, e, i, o, u".

Ndiyo maana mimi nikiulizwa nchi ya kujifunza kwake, nasema Jamaika.

Mwaka 1986, jijini Kingston, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walianza kazi na watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Watoto waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya nyongeza kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata hata kimoja. Wale wahudumu hawakuwa walimu wala madaktari. Mhudumu alifika nyumbani mara moja kwa wiki, akakaa kama saa moja na mama na mtoto, akacheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo, maboksi na chupa tupu. Akiondoka aliviacha, akarudi wiki inayofuata na vingine. Hivyo kwa miaka miwili.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa mama. Alimwonyesha namna ya kumsemesha mtoto wakati wa kumwogesha au kupika, kumtajia vitu majina, kumwitikia anapojaribu kutamka, kumsifu akiweza. Yalikuwa mambo ambayo mama yeyote anaweza kuyafanya akishajua kuwa yana maana.

Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale waliochezewa na kusemeshwa, walipofika miaka 22, kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Walikuwa wamewafikia vijana wa mitaa ileile ambao hawakudumaa kamwe. Maziwa peke yake hayakuacha faida hiyo ya muda mrefu.

Naomba msomaji atulie hapo. Sisemi chakula si kitu. Mtoto mwenye njaa hasikii hadithi. Nasema kwamba sisi, nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takribani watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, tumezoea kuzungumzia lishe kliniki na kuzungumzia elimu shuleni, na mtoto wa miaka miwili akabaki katikati bila mtu wa kumsemea. Ninapompokea akiwa na miaka mitano, sehemu kubwa ya lugha yake na udadisi wake imeshajengwa au imeshanyamazishwa. Nafanya ninaloweza, lakini naanza nikiwa nimechelewa.

Kuna mfano mwingine ambao hunukuliwa sana na kusomwa nusu. Mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kati ya 1962 na 1967, David Weikart na wenzake waliwafundisha watoto 58 kutoka familia maskini za Wamarekani weusi, wakawalinganisha na 65 ambao hawakupata nafasi hiyo. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliosoma chekechea ile walikuwa na vipato bora na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Wanasiasa duniani hupenda kuutaja utafiti huu kuonyesha kuwa shilingi ya chekechea hurudi na faida. Nusu isiyotajwa ni kwamba mwalimu wa kule, baada ya kufundisha asubuhi, alimtembelea kila mtoto nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, akiwa na mama yake. Kingston na Ypsilanti zinakutana hapo, mlangoni kwa mzazi.

Na Weikart hakuishia hapo. Mwaka 1967 alianza kulinganisha namna tatu za kufundisha, kwa watoto 68. Katika namna ya kwanza mwalimu alitamka na watoto wakajibu, kwa ratiba kali ya herufi na hesabu. Katika ya pili watoto walipanga wanachotaka kufanya, wakakifanya, kisha wakaeleza walivyofanya. Ya tatu ilikuwa chekechea ya kawaida ya michezo. Mwanzoni makundi yote yalipanda vizuri katika vipimo vya akili. Lakini walipofika miaka 23, wale wa herufi na hesabu kwa amri ndio waliokuwa na makosa makubwa ya jinai zaidi. Watoto 68 ni wachache, na sitaki kutia chumvi. Hata hivyo kila nikiona mtoto wa miaka minne amepakiwa kwenye basi la shule alfajiri ili akakariri kwa lugha asiyoielewa, naikumbuka habari hiyo.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu na mabara mengine. Basi tuje kwetu pwani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie, kwa kuwa watoto wao walikuwa wanaachwa nyuma shuleni. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akapewa kazi ya kuanzisha. Alikwenda kwa wazee, kwa walimu wa madrasa, kwa akina mama. Ule utaratibu wa Ypsilanti wa kupanga, kufanya na kueleza ukachanganywa na mafundisho ya dini, nyimbo na hadithi za Waswahili, na vifaa vya kuokota: vifuu, mbegu, mchanga, makopo. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, wakifundishwa kazi huku wanafanya. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Hiki kwangu ndicho kielelezo cha namna ya kujifunza kutoka nje: walichukua utendaji, wakaacha sura. Hakuna mtoto aliyelazimika kuacha lugha yake mlangoni.

Nyuzilandi nao walilijua hilo. Mwaka 1982 Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiona lugha yao inazimika, walifungua vituo ambamo wazee waliwalea watoto wadogo kwa Kimaori kitupu. Mwaka 1996 serikali ilipotoa mtaala wa kitaifa wa watoto wadogo, ulitoka kwa lugha zote mbili. Huku kwetu mtoto wa Lushoto anayekuja na Kisambaa chake huhesabiwa kuwa "hajui kitu" hadi Kiswahili kimkolee.

Darasani kwangu nimechukua lile la kupanga, kufanya na kueleza. Kwa watoto wengi kama nilionao, siwezi kumsikiliza kila mmoja kila siku, kwa hiyo kila siku kundi moja hueleza na mengine yanaendelea kwenye kona zao: kona ya duka, ya udongo, ya vitabu. Bibi wawili wa jirani huja kutega vitendawili na kusimulia ngano, nami napata nafasi ya kuchutama na kusikiliza. Nilichokiona ni watoto kuanza kutumia "kwa sababu". "Nimeijenga hivi kwa sababu ile ya kwanza ilianguka." Mtoto aliyezoea kuitikia tu kwa pamoja hana haja ya neno hilo.

Upinzani upo, na hutoka kwa watu wanaompenda mtoto. Daftari likirudi nyumbani na ukurasa mmoja tu, mzazi huona muda umepotea. Nimejifunza kutobishana, namwita aketi darasani nusu saa amsikilize mwanawe akieleza. Siku za mahafali ya chekechea, na majoho yao, wazazi hujaa. Ningependa wajae hivyohivyo siku ya kawaida.

Kwa hiyo, Mhariri, kama kuna mhusika wa wizara anayesoma jarida hili: Desemba 2021 nchi yetu ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia majumbani. Waongezewe mafunzo ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kikapu cha vifaa vya makopo na vifuu, na posho inayolipwa kwa wakati. Waanzie kwa nyumba zenye watoto wa chini ya miaka miwili ambao kliniki imeshawaandika kuwa wamedumaa. Majina yao yamo kwenye madaftari tayari. Na sisi walimu wa awali tupewe ratiba inayotuachia mchana mmoja kwa wiki kwenda kuwaona wazazi. Mimi niko tayari kuanza na mtaa unaozunguka shule yangu.

Mwalimu wa darasa la awali,
Tanga