Mkanda wa viroboto umemtoa paka manyoya shingoni: nimvue au nimwache nao?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Tuna paka jike, mwaka mmoja na nusu, mchana anashinda uani pamoja na kuku, usiku analala ndani. Mwezi uliopita viroboto walizidi mpaka watoto wakawa wanaamka na vipele miguuni. Nikauziwa mkanda wa viroboto wa kuvaa shingoni. Siku za mwanzo walipungua, lakini baada ya kama wiki mbili shingo ikawa nyekundu na manyoya yakatoka kuzunguka pale mkanda ulipokaa. Kiunoni karibu na mkia nako manyoya yamekuwa machache, na nikipapasa nahisi vichembe kama punje za uwele. Mtoto wangu wa mwisho naye ana duara linalowasha mkononi. Jirani anasema mkanda una sumu, bora nimpake paka mafuta ya karafuu. Je, ni mkanda au ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa usumbufu. Kabla hujaendelea kusoma, mvue paka mkanda. Usiulegeze tu, wala usingoje shingo ikauke kwanza. Na mafuta ya karafuu usimpake, sababu nitakueleza.

Kwa jinsi ulivyosimulia, naona mambo mawili, huenda matatu, yamekutana kwa paka mmoja. Namna ya kuyatenganisha ni kuangalia manyoya yametoka wapi.

Tuanze na shingo. Wekundu unaofuata njia ya mkanda, usiopanda kichwani wala kushuka mabegani, umeletwa na mkanda wenyewe. Dawa iliyomo hutoka kidogo kidogo na kusambaa kwenye manyoya, na wapo paka ambao ngozi yao haiistahimili: wengine huungua, wengine hupata mzio. Kubana nako huchangia. Kwa unyevu wetu wa pwani, mkanda uliobana hufunika ngozi isipate hewa, inabaki mbichi, bakteria wanaingia. Mkanda uliokaa vizuri unaruhusu vidole viwili kupita kati yake na shingo bila kulazimisha, na kwa paka anayekua kipimo hicho hurudiwa kila wiki.

Ukilegea mno nao una hatari yake, na hili watu wengi hawalijui. Paka akijilamba anaweza kupitisha mguu wa mbele ndani ya mkanda, ukaishia kwapani. Niliwahi kuletewa dume mmoja anayechechemea, wenye naye wakidhani ameng'atwa na mbwa. Nilipotenganisha manyoya ya kwapa nikaona ukingo wa mkanda umezama kwenye nyama, ngozi imeanza kuota juu yake. Niliukata kwa mkasi kipande kwa kipande. Jeraha la kwapa halifungi upesi kwa sababu kila hatua anayopiga paka inalifungua upya. Yule alihudhuria kliniki wiki nyingi.

Ukishamvua, mwoshe shingo yote kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, umsuuze vizuri na kumkausha kwa taulo. Hiyo ni kuondoa dawa iliyobaki. Kisha mara mbili kwa siku safisha wekundu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Krimu za watu usimpake, hasa zile za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe) ndani yake. Paka hulamba chochote kilicho juu ya mwili wake, na kama kuna fangasi, steroidi humpa nafasi ya kuenea. Ukiona usaha, harufu, au anakataa kula, usihangaike nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa tafuta paketi ya ule mkanda. Hapa ndipo ninapotaka utulie usome kila neno. Kuna picha ya paka? Kuna jina la dawa? Kama paketi inasema ni ya mbwa tu, au uliuziwa mkanda mtupu bila paketi, basi tatizo linazidi wekundu wa shingo. Dawa ya kuogopa kuliko zote ni permethrini (kwenye paketi neno hilo halina i ya mwisho). Mbwa anaivumilia, paka haivumilii. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuvunja kemikali za aina hiyo, kwa hiyo sumu inakaa mwilini muda mrefu na kushambulia neva. Kwa ini hilohilo, kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka. Na ndiyo sababu nimekukataza mafuta ya karafuu: kiambato chake kikuu, eujeno, ni cha jamii ya fenoli, na fenoli ni mzigo ambao ini la paka haliuwezi. Vilevile dawa za kuogeshea ng'ombe, zile za amitrazi au sipamethrini ambazo watu huchanganya kwa kukadiria kwa kizibo, si za paka. Mafuta ya taa ndiyo kabisa: yanachoma ngozi, na akiyalamba yanaharibu mapafu.

Dalili za permethrini zinaweza kuanza baada ya saa chache, au hata siku ya pili au ya tatu: masikio na ngozi ya uso kuchezacheza, kutetemeka, kutoa mate, kuyumba, mwisho degedege. Nimekwisha kumwona paka aliyefungwa kipande cha mkanda wa mbwa kilichokatwa kwa mkasi ili kimtoshe. Alifika anatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa ya malaria, mwenye naye akiamini ni baridi. Ukiona hata moja ya dalili hizo, mwoshe kwa maji vuguvugu, yasiwe ya moto wala ya baridi, mfunge kwenye taulo, uende kliniki saa hiyohiyo. Maziwa usimnyweshe, wala usimtapishe. Dawa ya kutuliza mitetemo ipo, na paka anayewahishwa mara nyingi hupona. Wako amekaa na mkanda wiki mbili na hujataja kutetemeka, kwa hiyo nina matumaini mema. Lakini isome hiyo paketi.

Twende kiunoni, kwa sababu mkanda hauwezi kulaumiwa kwa kule. Manyoya kupungua kuanzia kiunoni hadi shina la mkia, wakati mwingine na tumboni na ndani ya mapaja, pamoja na hivyo vichembe ulivyovifananisha na uwele, ni sura ya mzio wa viroboto. Nimefurahi umetumia neno hilo, maana nasi tukifundishwa tunaambiwa tupapase ngozi kana kwamba imemwagiwa nafaka ndogo. Ni vigaga vidogo sana. Kinachomdhuru paka ni mate ya kiroboto, ambayo mwili wake unayachukia. Akiwa na mzio, viroboto wachache tu wanatosha kumwasha siku kadhaa. Manyoya huyang'oa mwenyewe kwa ulimi. Pitisha kidole kinyume na manyoya pale palipopungua: ukihisi visiki vikavu kama ndevu zilizonyolewa juzi, ujue yamekatwa kwa kulambwa. Usiseme "simwoni akijikuna", kwani paka wengi hujilamba wakiwa peke yao.

Hakikisha kwa jaribio la dakika mbili. Tandika karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa kidogo. Mchane paka kiunoni kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kile cha chawa, ukung'ute juu ya karatasi. Vitadondoka vitu vyeusi kama unga wa pilipili manga. Vikiwa ni mchanga vitabaki vyeusi. Vikianza kuyeyuka na kuzungukwa na rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokauka. Wenye paka wakiona rangi ile ikichanua kwenye karatasi huacha kubishana nami. Usipopata kitu usimtoe kiroboto hatiani, kwa kuwa paka mwenye mzio hujisafisha sana hata ushahidi wenyewe anaumeza.

Kwa kuwa anashinda na kuku, mwangalie pia kingo za masikio na kuzunguka macho. Ukiona vidoa vyeusi vilivyojipanga na ukivigusa haviruki, hao ni viroboto wa kuku. Huzamisha mdomo kwenye ngozi na kukaa palepale siku nyingi. Hapo ukimtibu paka peke yake, atawapata tena bandani kesho yake. Ondoa takataka za banda, zichomwe, na umwite mtaalamu wa mifugo akupe dawa ya kuku.

Duara la mtoto ndilo jambo la tatu, na ndilo lisingenipa usingizi ningekuwa mimi. Inawezekana ni kung'atwa na kiroboto kulikokunwa sana. Inawezekana pia ni choa, hii ambayo wengine huita mashilingi, na ikitokea kichwani tunaiita mapunye. Paka huibeba, hasa wadogo, na huwaambukiza watoto wanaombeba na kulala naye. Kwa paka huonekana kama mviringo usio na manyoya wenye mba ya kijivu, mara nyingi usoni, masikioni na miguuni, tena pengine bila muwasho wowote. Mpeleke mtoto zahanati aonekane, uwaambie mna paka. Paka naye, daktari amchukue manyoya machache akayapime. Kuna taa ya zambarau inayofanya baadhi ya fangasi hao wang'ae kijani, ila si wote wanaong'aa, kwa hiyo taa peke yake haimtakasi paka. Mpaka majibu yatoke, paka asilale kitandani kwa watoto. Kumtupa hakuna haja. Choa inatibika kwa mtu na kwa mnyama.

Sasa utauliza, kama si mkanda, viroboto niwaondoe vipi? Ukiwahesabu viroboto wote wa nyumbani kwako pamoja na mayai na watoto wao, wale unaowaona juu ya paka ni kama 5 kati ya 100. Jike mmoja hutaga mayai yafikayo 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya, yanateleza na kudondoka popote paka anapolala: kwenye mkeka, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa kivulini uani. Yakianguliwa yanatoka mabuu yanayokimbia mwanga na kula kile kinyesi cheusi. Kisha hujifunga ndani ya kifuko chenye gundi, na humo dawa haifiki. Wanaweza kungoja miezi mpaka wasikie mtikisiko na joto la kiumbe. Ndiyo maana familia ikirudi kutoka safari na kufungua nyumba iliyofungwa muda mrefu, wanarukiwa na viroboto wenye njaa siku ileile. Viroboto wanapenda nyuzijoto kama 27 na unyevu unaozidi asilimia 70, na Tanga hali hiyo haikauki. Kwetu hakuna msimu wa baridi wa kuwakata, mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa wiki tatu au nne.

Kwa hiyo anza na anapolala. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki na yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, maana jua kali na ukavu huwaua mabuu. Inua mkeka na makochi ufagie chini yake kila siku kwa wiki kadhaa, na taka zisiachwe kwenye pipa, zichomwe au zitupwe mbali. Uani, fagia majani makavu pale kivulini anapopenda kujilaza. Ukiamua kupuliza dawa ndani, paka na watoto watoke mpaka ikauke.

Kwa paka mwenyewe, acha shingo ipone kwanza. Baada ya hapo mwombe daktari dawa ya matone ya paka, kwa mfano yenye selamektini au fipronili. Huwekwa kwenye ngozi ya ukosi, palipo pazima, mahali ambapo ulimi haufiki, na hurudiwa kila mwezi. Mpime uzito kabla, na usigawe bomba la mbwa. Tibu kila paka na mbwa wa nyumba siku moja, na uendelee miezi mitatu hata ukiona wameisha wiki ya tatu, kwa sababu waliomo kwenye vifuko bado wanatoka. Mwangalie na kwenye mkundu: ukiona vipande vidogo kama mchele mkavu, ni tegu, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto. Dawa yake ni prazikwanteli.

Si mikanda yote iliyo mibaya. Ipo iliyotengenezewa paka, kama ile yenye imidaklopridi na flumethrini, inayofanya kazi miezi 7 hadi 8 na kuachia yenyewe paka akinasa kwenye tawi. Lakini huyu wako, kwa shingo hiyo, nisingempa mwingine.

Manyoya ya shingoni yataanza kurudi baada ya wiki chache, ya kiunoni yatachukua miezi miwili au mitatu, na hayo hayataota kama kiroboto hajatoka nyumbani. Ikifika mwezi wa tatu bado anajilamba ilhali karatasi ni safi, mrudishe kwa daktari. Hapo tutaanza kutafuta mzio wa chakula na upele wa paka, ambao huanzia kwenye kingo za masikio na kushuka usoni.