Pori la kijiji linalindwa na muhtasari wa mkutano, si kibao

Mtu akinipigia simu kutoka kijiji kingine kuuliza wanaanzaje kutenga msitu wao, mara nyingi swali la kwanza ni la kibao. Kiandikwe nini, kisimikwe wapi, rangi gani haifutiki na jua. Mimi humrudisha nyuma: kwenye makaratasi ya kijiji chenu, hilo pori limeandikwa ni nini?

Vijiji vingi halijaandikwa popote. Watu wanajua kule ni porini, tangu enzi za babu, basi. Hatari iko hapo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo, na wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo miaka nenda rudi. Nyinyi msiwasubiri wamalize. Mahali pasipo na shamba, nyumba wala barabara, mgeni mwenye ramani anapaona patupu. Kwa hiyo kazi yenu ni kuandika, kwa utaratibu unaotambulika, kwamba pale pana matumizi, na matumizi yenyewe ni kuachwa pori.

Haya nayasema kwa kuwa nimekuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, upande wa bara wa Mkoa wa Lindi. Msitu wetu ni miombo: mninga, mpingo, mkongo, mpangapanga, na mabonde yenye miti minene ambamo tembo hupita msimu wa mvua. Anayejua Lindi anajua adui wa kwanza wa msitu kule si mchoma mkaa, ni ufuta. Ufuta unapenda ardhi mpya, bei yake inavutia, na kijana akishafyeka ekari tatu na kuzichoma, msimu wa pili au wa tatu anasogea mbele. Ongeza wafugaji waliofika kusini baada ya kuondolewa bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007, ongeza wapasua mbao wanaoingia usiku na pikipiki, utaelewa kwa nini kumwambia mtu "hapa usikate" hakutoshi kama huna karatasi ya kumwonyesha.

Anzeni na mpaka kati yenu na majirani. Msianze na msitu. Nasisitiza kwa sababu wataalamu wakija huwa na siku chache na posho chache, na kila mtu anataka kuruka hadi kwenye mkutano wa kupitisha. Mpaka wa kijiji ukiwa na utata, vyote mtakavyojenga juu yake vina utata. Cheti cha Ardhi ya Kijiji hakitatoka, na hata kikitoka, mkosaji wa kwanza mtakayemkamata atasema alikata upande wa pili, na mwenyekiti wa upande wa pili atamuunga mkono.

Sisi tulitembea mpaka pamoja na wazee wa kijiji jirani, wao watano na sisi watano, afisa ardhi mbele na GPS yake. Ilikwenda vizuri hadi kwenye korongo moja. Wazee wetu walisema mpaka ni maji. Wa kwao wakasema ni maji kweli, ila maji yalikohama, maana korongo lilibadili njia mwaka wa mvua kubwa na kuacha kipande cha msitu katikati. Sauti zikapanda. Afisa ardhi akakaa chini ya mti akafungua chupa yake ya maji, akaniambia, katibu, hapa mimi sina mashine. Kilichotusaidia ni bibi mmoja wa kwao ambaye hata hakuwa kwenye orodha ya wajumbe; alikuwa akipita na ukili wake wa kusukia mikeka kichwani. Akatuonyesha kisiki cha mkongo na kusema wakati wa vijiji vya ujamaa watu walikuwa wanakutania pale kugawana siku za kusaka nguruwe. Tukakubaliana kisiki ndiyo alama, bikoni, ile nguzo fupi ya kuonyesha mpaka, ikachimbiwa hapohapo, na wenyeviti wote wawili wakasaini fomu ya makubaliano juu ya boneti ya gari. Kwa hiyo, ushauri wangu: bebeni fomu porini, sainini porini. Mkisema mtasaini ofisini wiki ijayo, wiki ijayo mtu atakuwa ameshauriwa vingine. Na waiteni kina mama wazee, wao ndio wanaochuma ukili na kuni, wanaijua mipaka kwa miguu.

Baada ya hapo unakuja mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya mwaka 2007. Hapo mnagawa: makazi, mashamba, malisho, msitu. Hatua hii ina mikutano mingi na chai nyingi, sitaieleza yote. Jambo moja tu: mashamba ya akiba yawekwe ya kutosha. Kijiji kinachotenga msitu mkubwa ili kumfurahisha mfadhili, kikasahau kwamba watoto wa leo watataka kulima baada ya miaka kumi, kimejitengenezea wavamizi wa nyumbani.

Kisha mkutano mkuu. Kuna watu wanadhani halmashauri ya kijiji ikishakaa, imetosha. Haitoshi. Halmashauri ya kijiji haiwezi hata kugawa kipande cha ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, seuze kutenga msitu. Kutenga eneo kuwa ardhi ya pamoja ya kijiji, halmashauri inapendekeza, mkutano unaamua. Tangazo libandikwe mapema, ajenda iandikwe waziwazi "kutenga hifadhi ya msitu wa kijiji", si kufichwa kwenye "mengineyo". Mahudhurio yasainiwe, wasiojua kusoma waweke dole gumba. Muhtasari uandike na waliopinga, kwa majina na sababu zao. Watendaji wengi hawapendi hili, wanataka muhtasari usomeke kwamba wote walikubali kwa kauli moja. Mimi nauamini zaidi muhtasari wenye ubishi. Mtu akija kudai baadaye kwamba wananchi hawakushirikishwa, ubishi ule ndio ushahidi kwamba walikuwepo na walisema.

Kwetu aliyepinga kwa nguvu alikuwa mama mmoja aliyeuliza, "Na sisi kuni tukatafute baharini?" Watu wakacheka, lakini swali lile lilibadili sheria ndogo zetu. Rasimu tuliyoletewa ilikuwa inakataza karibu kila kitu. Tukagawa msitu sehemu mbili. Mabonde yenye vyanzo vya maji na mapito ya tembo hayaguswi, hakuna msumeno, hakuna mzinga wala mifugo. Sehemu iliyobaki, kuni kavu za kichwani ni bure kwa mwanakijiji, dawa za miti shamba kwa kiasi, uyoga na matunda bila kuuliza, mizinga kwa kibali, na mbao kwa mpango wa uvunaji tu. Kanuni inayomfanya bibi mwenye mzigo wa kuni kuwa mhalifu haitamkamata mwenye lori, kwa sababu kijiji kizima kitajifunza kunyamaza.

Kuhusu sheria ndogo zenyewe, nina neno kali kidogo. Nimeona vijiji vimetandaza sheria ndogo nzuri ukutani, zimechapwa, zimewekwa nailoni, na hazina muhuri wa halmashauri ya wilaya. Hizo ni mapambo. Sheria ndogo ya kijiji inatungwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa na wanakijiji, halafu ni lazima baraza la madiwani la wilaya liidhinishe. Kijiji kimoja si mbali na kwetu walimkamata mfanyabiashara na mbao za mkongo, ushahidi upo, picha zipo, mbao zenyewe zipo. Mahakama ya Mwanzo, hakimu akauliza sheria ndogo iliidhinishwa lini. Walikuwa bado wanaifuatilia. Mtu akaenda zake, na nasikia alirudi kudai mbao zake. Kwa hiyo mpeni mwanasheria wa halmashauri rasimu mapema, aangalie viwango vya faini visizidi vinavyoruhusiwa, na mumfuatilie diwani wenu hadi jambo liingie kwenye ajenda ya baraza. Diwani asiyefuatiliwa ana mambo mengine, sio kwa ubaya.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasiikabidhi tu serikali, iwe hifadhi ya taifa, iwe na askari na bunduki. Ni kweli hifadhi ya taifa ina nguvu: Rais huitangaza kwa ridhaa ya Bunge. Ila ikishakuwa hivyo, nyinyi si wenyewe tena. Watu wa Babati waliliona hili mapema. Msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa njiani kufanywa hifadhi ya serikali, wakakataa, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vikaachiwa kuusimamia kwa sheria ndogo zao, kabla hata ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kuwapo. Kule Kiteto, msitu wa Suledo, zaidi ya hekta laki moja na nusu, ulipata Tuzo ya Ikweta, ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazotunza mazingira, mwaka 2002 ukiwa mikononi mwa vijiji. Na hapa kusini, wanakijiji wa Kikole na Kisangi wilayani Kilwa walipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa vizuri, mwaka 2009 wakavuna mpingo wao kihalali. Sheria ya 2002 inawapa wanakijiji mapato ya miti ya hifadhi yao bila kukatwa mrabaha, yaani ada ya uvunaji, ya serikali kuu. Kanuni za uvunaji lakini hutolewa na Waziri na hubadilika, kwa hiyo kabla ya kumwita mnunuzi muulizeni afisa misitu wa wilaya zinazotumika mwaka huu ni zipi.

Fedha zikianza kuingia, zisomwe kwenye mkutano mkuu kila robo mwaka, kwa sauti, pamoja na namba za nyundo ya kugonga alama kwenye magogo halali, na magogo yaliyopigwa. Nimeona kamati imara ikisambaratishwa na uvumi tu, hakuna hata shilingi iliyoibwa, ila hesabu hazikusomwa mara mbili mfululizo.

Jueni pia mipaka ya nguvu zenu. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi ni wa Waziri. Mwekezaji akija na ramani, swali lenu la kwanza ni hekta ngapi, na la pili ni kwa nini zimegawanywa vipandevipande, kama zimegawanywa.

Mwisho kuna ngazi ambayo vijiji vingi havifiki. Hifadhi ya kijiji iliyotangazwa na kijiji chenyewe, ikishasimamiwa kwa miaka isiyopungua mitatu, mkutano mkuu unaweza kumwomba Mkurugenzi wa Misitu aitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Ikishatangazwa, hata mwenyekiti mpya mwenye shemeji anayetaka shamba la ufuta hawezi kuifuta kwa kikao cha jioni. Ombi linataka ramani, mpango wa usimamizi, sheria ndogo zenye muhuri na mihtasari. Kama mlifanya yale ya mwanzo vizuri, ni kazi ya kutoa nakala tu. Toeni seti nne: ya mtendaji, ya afisa misitu, ya afisa ardhi, na moja ikae nyumbani kwa katibu, maana ofisi ya kijiji huvuja. Ya kwetu tulishaipeleka, na kila nikienda wilayani napitia masijala kuuliza faili limefika meza gani.