Stelingi ya Land Rover 109: spea za kutafuta, za kuchongesha na za kukataa kabisa

Kwa wenye Land Rover 109 huku Mtwara na Lindi, cha kwanza ntakachokuambia ni usinunue spea yoyote ya stelingi mpaka ujue ni kiungo gani hasa kinacheza. Fundi wengi wakishika usukani wakaona unazunguka robo nzima matairi hayajageuka jibu lao ni moja, boksi ya stelingi imekufa, na boksi ndio spea ngumu kupatikana na ghali kuliko zote kwenye huo mfumo, utaitafuta mpaka uchoke, utaipata, utaifunga, halafu mchezo uko palepale. Nimeliona hilo kwa jamaa yangu mmoja wa Mikindani, kabadilisha boksi kumbe shida ilikuwa bolti ya mkono wa juu wa rilei, ile silinda ya mbele inayopokea kutoka kwenye boksi na kupeleka kwenye tairi, imelegea, kitu cha kukaza na spana tu.

Hizi gari ni za zamani jamani tukubali. Series III, toleo la mwisho la 109, iliacha kutengenezwa 1985, na hata Defender ya zamani iliyokuja kurithi iliisha Januari 2016. Kwahiyo dukani kwa muuzaji rasmi hutaikuta ya 109, lakini habari njema ni kwamba bado kuna viwanda vingine vinatoa spea zake na bado zipo 109 nyingi zimekufa injini zimelala nyuma ya nyumba za watu huku mikono ya stelingi ikiwa mizima kabisa.

Sasa kupima. Huhitaji mashine, unahitaji mtu mmoja ndani na wewe chini. Gari liwe limesimama kwenye matairi yake, injini imezimwa, aliye ndani atingishe usukani kidogo kidogo kushoto kulia bila kuacha, wewe pita na mkono unashika kila kiungo kimoja kimoja kuanzia kwenye boksi. 109 ina ball joint sita, yaani viungo vyenye kichwa cha mviringo vinavyokaa mwisho wa kila bomba, mbili kwenye bomba linalotoka boksi kwenda rilei, mbili kwenye draglinki inayotoka rilei kwenda tairi, na mbili kwenye tairodi inayounganisha tairi na tairi. Kiganja kinakuambia kuliko macho, ukikuta upande mmoja wa kiungo unatembea na wa pili umechelewa basi hapo ndipo pamekwisha. Ukimaliza hapo inua gari na jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitingishe. Likicheza mwambie mwenzio akanyage breki, mchezo ukipotea ni beringi za tairi, ukibaki ni kingpini, zile pini ambazo tairi linageukia. Hii ya kukanyaga breki imeokoa hela za watu wengi sana.

Rilei naipa nafasi yake maana huku kwetu pwani ndio inayotesa. Ni ile silinda imesimama wima ndani ya chuma cha chesisi kinachokatiza mbele chini ya grili, inapokea kutoka kwenye boksi na kupeleka kwenye tairi. Inatakiwa iwe na oili ya gia ndani, EP90 ya kawaida, na karibu hakuna anayeiangalia, fundi anapiga grisi viungo vyote anaipita. Oili ikiisha inakauka, usukani unakuwa mzito, na haurudi wenyewe ukitoka kona. Juu yake kuna bolti zinazoshika kile kifuniko, unafungua mbili, moja unajazia na nyingine inatoa hewa, unajaza taratibu sana maana inameza polepole. Kwenye gari ambalo usukani umeanza kuwa mgumu fanya hivi kwanza kabla ya chochote, mara nyingine ndio unakuwa mwisho wa safari ya kutafuta spea.

Ikishindikana lazima itolewe, na kuitoa kwenye gari lililokaa Shangani au Msimbati na upepo wa chumvi miaka yote hiyo ni kazi ya siku siyo ya saa. Imeshikana na chesisi kwa kutu kama imezaliwa pale. Mwaga oili ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla, asubuhi na jioni, toa grili na rejeta upate nafasi, halafu isukume na jeki ya chupa kutokea chini, usiigonge na nyundo kichwani kwenye zile meno ukaziharibu. Na hapa naomba unisikilize vizuri: ndani ya rilei kuna springi nene sana imekandamizwa. Ukiifungua ovyo inaruka na inaweza kukuvunja taya au kukutoa jicho. Wanaoijua wanaifunga kwenye gunia au bomba kabla ya kuisukuma itoke, na mi kwa fundi kijana asiyewahi kuifungua namwambia asiifungue, tafuta nyingine nzima au mpelekee mzee aliyeizoea.

Haya, spea zinapatikana wapi. Anza hapahapa kusini. Zunguka Masasi, Nachingwea, Newala, uliza gereji za zamani na wazee waliokuwa madereva wa serikali na wa misheni, maana 109 ndio zilikuwa zinafika vijijini enzi hizo na nyingi zilifia hukuhuku. Unaponunua kwenye gari bovu usitoe ball joint peke yake, nunua bomba zima na viungo vyake viwili, ntaeleza kwanini. Ukikosa, Dar nenda Kariakoo na Gerezani, na Arusha ndio usisahau, kule magari ya watalii yamewafanya mafundi na wauza spea waijue Land Rover kama wanavyojua majina ya watoto wao. Nairobi nako kuna Kirinyaga Road kama una mtu wa kwenda na kurudi. Kuagiza Uingereza inawezekana, ila kwa kiungo kidogo usafiri na ushuru vinaweza kuzidi bei yake, bora muagize watu kadhaa pamoja.

Ukiongea na muuzaji wa mbali usimwambie "nataka tairodi endi ya Land Rover", yaani hiyo ball joint, atakutumia ya Defender na ukiifunga haiingii. Hapo ndio kwenye mtego mkubwa. Uzi wa 109 ni wa inchi, 11/16, yaani karibu milimita 17 na nusu. Uzi wa Defender ni wa milimita 18. Kwa macho ni kitu kilekile, hata fundi mzoefu anaweza kudanganyika. Wengine wanailazimisha kwa kuipitisha kwenye tepu ya kutolea uzi, bomba linabaki na uzi wa kuungaunga, hapana. Ndio maana nasema nunua bomba zima na viungo vyake, kila uzi unakuwa na mwenzake. Kitu kingine, kila bomba lina upande mmoja uzi wa kawaida na upande mwingine uzi wa kushoto, makusudi ili ukilizungusha bomba lirefuke au lifupike bila kutoa viungo. Kwahiyo ukiagiza sema kabisa unataka wa kulia au wa kushoto. Mi huwa naweka kiungo cha zamani juu ya karatasi nyeupe pembeni ya rula, napiga picha tatu, uzi, koni ya kichwa na urefu mzima, natuma WhatsApp na namwambia muuzaji apige ya kwake hivyohivyo na rula. Asiyetaka kupiga picha na rula hela yangu hapati.

Koni nayo ipime. Ile sehemu ya kiungo inayoingia kwenye mkono ni koni, inashika kwa kubanana chuma kwa chuma eneo lote. Chukua chaki au rangi kidogo, paka, iingize, izungushe, itoe uangalie. Ikiwa imefutika mzunguko mzima juu mpaka chini basi zinaendana, ikiwa imefutika ukingo mmoja tu siyo yake. Nimekuta gari Lindi koni imevikwa kipande cha kopo la soda ili ikae. Gari hilo lilikuwa linabeba wanafunzi. Roho iliniuma sana na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Beringi na sili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Beringi ina namba imechorwa ubavuni na namba hizo ni za dunia nzima, duka la beringi halina haja ya kujua ni ya gari gani, hata liwe linauza za trekta na pampu. Sili pia, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, basi. Golori za ndani ya boksi unaweza kupata za saizi ileile, ila ukikuta ile shafti yenyewe imeliwa vishimo usihangaike na golori, tafuta boksi nyingine.

Vya kuchongesha kwa fundi wa mashine ni bushi, spesa, shimu (vibati vyembamba) za chini ya kingpini, na vitu vinavyokaa vimebanwa ambavyo hata vikichakaa gari linaanza kukuonya mapema. Kukaza kingpini kunapimwa kwa mizani ya ndoano, ileile ya kupimia samaki, unavuta mkono wa tairi unasoma kilo, kiwango kipo kwenye kitabu cha gari. Ikiwa legevu sana ndio ule mtetemeko wa kutisha usukani unaruka mikononi ukigonga shimo.

Visivyochongwa wala kuchomelewa ni ball joint, mikono ya stelingi, draglinki na tairodi. Sijali fundi ni hodari kiasi gani. Chuma cha mkono wa stelingi kimepitishwa kwenye moto na kupozwa kwa namna yake kiwandani, ukikichoma hapo pembeni ya weld panabadilika, panaweza kukaa miezi pakijifanya pazima halafu pakatike siku umepakia korosho unashuka mlima wa Newala kwenda Masasi. Draglinki ya bomba la maji nayo ni hivyohivyo, itapinda tu. Kiungo kikichomoka porini, kifunge na mpira wa tyubu, mshushe abiria wote, tembea mwendo wa mtu kutoa gari barabarani, halafu subiri spea.

Na usingoje mpaka kiharibike. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, mizigo haikupita. Mwenye jozi moja ya viungo, kulia na kushoto, kwenye sanduku la spea hakuwa na wasiwasi wa stelingi kipindi kile.

Ukishafunga kila kitu, nati zote ziwe na splitpini mpya siyo waya, halafu alaimenti. Hapa mwambie fundi waziwazi kwamba ni 109, maana Defender matairi ya mbele yanatakiwa yafunguke nje kidogo, sifuri mpaka milimita 2, wakati 109 yanatakiwa yafunge ndani, milimita 1.2 mpaka 2.4. Aliyezoea Defender atakupangia kinyume na gari litakuwa linatangatanga barabarani utalaumu spea mpya bure. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi na makorongo rudi chini ya gari na spana, kaza klampu za mabomba na bolti za boksi tena, mpya hukaa zikalegea mara ya kwanza, na angalia kama oili ya rilei imeshuka.