Kabureta za Honda CBR600F ya 1996 iliyokaa muda mrefu

Ndugu, umeuliza kwa nini pikipiki yako, Honda CBR600F ya 1996 iliyoegeshwa kwa miaka, huwaka kwa choki tu (kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi) na kuzima ukiirudisha. Petroli iliyolala huacha utando unaoziba jeti ndogo, yaani vitundu vya kupitisha petroli, za kabureta zote 4, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Zifungue, uzisafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, wala usichokonoe vitundu kwa waya, kwani vikipanuka hata kidogo injini itakula petroli kupita kiasi. Kabla ya kusawazisha kabureta kwa geji za mvutano wa hewa ili zote zivute sawa, pima nafasi za vali (milango ya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi) injini ikiwa baridi, hatua ambayo mafundi wengi huiruka nami naiona muhimu kuliko zote. Badilisha pia mafuta ya breki, na usiyaamini matairi ya zamani hata kama kashata zake (michoro ya kushika barabara) bado ni nzima.