Kutaja Jina Si Kuomba Ruhusa

Wadogo zangu, wiki hii nimekuta tena modi mpya (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji) iliyojaa modeli zilizotengenezwa na watu wengine, na chini yake maneno yaleyale: "Shukrani kwa wenye kazi." Wenye kazi waliombwa lini? Nawapenda, lakini kwa hili nimechoka.

1. Someni masharti ya ruhusa kabla ya kufungua faili lolote.

2. Kimya si ruhusa. Nilitengeneza modi ya wanyama, na animesheni za farasi nikazitoa kwenye modi ya dada mmoja aliyekuwa haonekani siku nyingi. Nilimwandikia mara moja, sikusubiri hata siku mbili, nikapandisha. Jina lake nililiweka juu kabisa, nikaamini nimemtendea haki. Miezi ikapita, wenzangu watatu wakajenga modi zao juu ya yangu. Ndipo akarudi. Hakunitukana. Aliandika kwamba alikuwa akiuguza, na kwamba mwendo ule wa farasi hakuwa ameumaliza, hakutaka watu wauone vile. Nikaiondoa modi usiku uleule bila kumwambia mtu. Kulipokucha, modi za wale watatu zilikuwa zinaangusha gemu za watu, na matusi yakawaangukia wao kwa kosa langu. Mmoja wao hajatengeneza modi tena. Linaniuma mpaka leo.

3. Mkiwa timu, andikeni mapema: akiondoka mtu, kazi yake inabaki kwa masharti gani? CraftBukkit, programu ya kuendeshea seva za gemu ya Minecraft, iliondolewa Septemba 2014 kwa dai la hakimiliki la mchangiaji wake mwenyewe, kwa sababu msimbo wake wa GPL, leseni inayotaka programu nzima iwe huru, ulikaa pamoja na msimbo wa gemu ambao haukuwa huru.

4. Msiuze kazi za wenzenu. Kampuni ya Micro Star ilikusanya ramani 300 za gemu ya Duke Nukem 3D zilizochorwa na wachezaji, ikaziuza kwenye CD. Faili zile hazikubeba picha za gemu, ziliziita tu, na bado mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema ni mwendelezo wa hadithi ya mwenye gemu, hivyo kuziuza kulihitaji ruhusa yake.

5. Mkilazimika kuondoa modi, waambieni kwanza wanaoitegemea.

Yule dada baadaye nilimwomba animesheni za ngamia. Alijibu baada ya siku 19, na safari hii nilizisubiri zote.