Maswali ya Wasomaji: Taa za Wavuvi, Nyota na Picha za Watu

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu hupiga picha kwa mapenzi tu na kuonyeshana kila mwisho wa juma. Nimekuwa nikijaribu kuwapiga wavuvi wa dagaa wakiwa Ziwa Tanganyika usiku, nyota zikiwa juu yao. Nikiiacha kamera wazi kwa sekunde 60, taa zao zinageuka mabonge meupe na nyota zinavutika kuwa mistari. Mwenzangu amenishauri nichukue anga la picha nyingine nilibandike juu ya mitumbwi. Je, ni sawa? — *Msomaji, Ujiji*

Jibu: Ndugu yetu wa Ujiji, umechagua somo zuri na gumu, na kamera yako haina ubovu wowote. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo katika sekunde 60 nyota zinaweza kusogea robo ya nyuzi, ambayo ni karibu nusu ya upana wa mwezi tunaouona angani. Ndiyo maana zikaandika mistari. Wapiga picha wengi hugawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake) ili kupata sekunde ambazo nyota zitabaki nukta. Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga), aina ambayo wengi wetu tunayo, kwanza zidisha 18 kwa 1.5 upate 27, kisha gawanya, na jibu litakuwa takriban sekunde 18. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, weka ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), lenga nyota moja angavu kwa mkono badala ya kuiachia kamera ijilengee, na tumia stendi imara pamoja na kuchelewesha shata, yaani kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga, kwa sekunde 2, kwa sababu kidole kinachobonyeza hutikisa kila kitu.

Taa ni jambo jingine. Mwanga wake unaizidi nyota mara nyingi mno, na mtumbwi nao huyumba juu ya mawimbi, kwa hiyo hakuna muda mmoja utakaozifaa zote mbili. Piga picha ya pili ya sekunde moja au mbili kwa ajili ya mitumbwi, bila kuisogeza stendi, kisha uziunganishe. Sioni kosa katika kuunganisha huko, maadamu ni mahali pale pale, usiku ule ule, na unapoionyesha picha unaandika wazi kwamba imetokana na picha mbili.

Ushauri wa mwenzako ni tofauti, nami naupinga kwa moyo wote. Anga la mwezi mwingine au la mahali pengine likibandikwa juu ya Ziwa Tanganyika, picha inakuwa imesema jambo ambalo halikutokea, na anayelijua ziwa atalibaini mara moja. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa, na kwa kawaida hupumzika siku za mwezi mpevu kwa kuwa mbalamwezi huifanya taa isivute; picha yenye msururu wa taa chini ya mwezi mpevu mkubwa haitampita mvuvi wa Kigoma. Giza analolihitaji mvuvi ndilo unalolihitaji wewe, kwa hiyo fuata kalenda yake. Mwezi Septemba, kati ya saa tatu na saa tano usiku, sehemu nene ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, huwa inateremka upande wa kusini-magharibi, juu ya maji, nawe huna haja ya kuazima anga la mtu, ingawa moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi unaweza kukuzibia upeo wa macho.

Tunza pia faili ghafi (RAW), yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, pamoja na tarehe na saa sahihi. Tarehe 20 Septemba 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli na mpenzi wa nyota huko Rosario, Argentina, alikuwa akiijaribu kamera mpya kwa kupiga picha nyingi fupi za galaksi NGC 613, akanasa mwanga wa kwanza wa nyota iliyokuwa ikilipuka. Picha hizo zilichambuliwa na wanasayansi na matokeo yakachapishwa mwaka 2018, kwa sababu kila moja ilikuwa na saa yake na hakuna kilichopachikwa ndani yake.

Swali: Nilimpiga picha mama muuza samaki sokoni bila yeye kujua, na imetoka vizuri sana. Je, naweza kuisambaza? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Rudi sokoni umwonyeshe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kama ile ya Tanzania ya 2022, inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na uso wake ni miongoni mwazo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mama huyo ana haki ya kukataa. Akikubali, mpelekee nakala iliyochapishwa. Akikataa, ifute. Kwa mtoto, ruhusa iombwe kwa mzazi, na alama ya mahali ambayo simu huiweka ndani ya faili iondolewe kabla ya kuituma popote.

Swali: Kwa nini mwezi wangu hutoka kama sahani nyeupe isiyo na madoa? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Kwa sababu kamera inapimia giza linalouzunguka, wakati mwezi wenyewe ni mwamba unaopigwa na jua la mchana. Achana na mipangilio ya kujiendesha: kwa mwezi mpevu anza na ISO 100, tundu la f/11 na sekunde 1/100, na kwa mwezi mwandamo ongeza muda kidogo kidogo hadi madoa yaonekane.